Barua ya Shukrani kwa Chuo cha Baridi

Jumatatu, 3 Juni

Kitinda ameondoka alfajiri. Gari la karakana anakofanya kazi lilipiga honi mara moja tu, akatoka na begi mgongoni na ndoo ya vifaa mkononi. Wiki mbili! Wanakwenda hospitali ya mbali kupima na kuvalisha watu miguu bandia.

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa changu siku hizi kinapenda kuruka mistari. Binti yangu wa mwisho – tulimwita Kitindamimba, jina likafupishwa, likamganda, na sasa ana miaka ishirini na tisa na wagonjwa wake wanamwita daktari ingawa hukanusha – amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili nje ya nchi. Si moja. Mbili! Barua zilikuja wiki moja, zikifuatana kama wageni walioshuka gari moja.

Hapa nyumbani tumezipa nafasi hizo majina. Chuo cha Baridi kiko ng'ambo: ndege mbili, miaka miwili, na katika kijitabu chao hata ngazi zimefunikwa theluji. Chuo cha Jirani kiko nchi ya pili tu: basi la siku moja, mwaka mmoja na nusu. Mfadhili ni yule yule kwa vyote viwili, naye ana sharti lake. Ukitia sahihi chuo kimoja, jina lako linafutwa kwingine, wala hurudi nyuma. Mwisho wa kujibu ni Ijumaa, tarehe 21, saa sita mchana.

Hatuna kompyuta nyumbani, na huko aendako simu hushika kwa kubahatisha. Ameniachia neno lake la siri, ameliandika kwenye kadi kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yangu. "Uwe unapita steshenari, Baba. Ikija barua unisomee."

Jana, akikunja nguo, aliniuliza: wewe unaonaje? Nikamjibu kwamba nitaridhika na uamuzi wowote atakaoufanya. Lilikuwa jibu la heshima. Sina hakika kama lilikuwa jibu.

Jumatano, 5 Juni

Nimepika chakula cha watu wawili. Tena.

Fundi Cherehani, jirani yangu, alikuja kuazima ngazi akakaa saa mbili. Ngazi akaisahau. Ananitania tangu mama wa watoto wangu afariki, miaka minne sasa. Nadhani ndiyo namna yake ya kunipa pole. Alipoona sahani moja mezani akasema: "Mzee, binti akipanda ndege utabaki unaongea na sufuria." Nikamwambia kwamba sufuria yangu ni msikivu kuliko jirani yangu. Akacheka hadi akakohoa. Mimi pia nilicheka. Baada ya yeye kuondoka nikakaa pale pale, sijui kwa muda gani, mpaka chai ikashika utando.

Hakuna barua mpya steshenari.

Ijumaa, 7 Juni

Kitinda amepiga simu! Alilazimika kupanda juu ya ukuta wa hospitali ndipo simu ishike. Nilimsikia akimwambia mtu ashike miguu yake asianguke. Wamevalisha watu kumi na mmoja. Mzee mmoja wa umri wangu alipoinuka mara ya kwanza akatembea moja kwa moja hadi langoni akaenda zake bila kuaga, ikabidi wamkimbilie kumrudisha, maana mguu ulikuwa haujakazwa skrubu.

Kisha akasema. Nanukuu kadiri ninavyokumbuka: "Baba, nimefikiri sana. Nadhani nitakwenda cha Jirani. Nitakuwa karibu, nitakuja kila likizo." Nikamwambia afikirie vizuri asinitazame mimi. Akasema: "Nimeshafikiri, Baba, mbona unanifukuza?" Mawimbi yakakatika.

Niandike ukweli, kwa kuwa daftari hili halina msomaji. Nilipoweka simu chini nilijikuta napiga mluzi jikoni. Mluzi! Mtu wa miaka sabini na sita.

Jumamosi, 8 Juni

Leo nimelikumbuka jambo ambalo lingenitia aibu kama ningelipuuza. Kuna chuo ng'ambo kimemkaribisha mwanangu, kikamtengea kiti na mwalimu, nasi tumekwisha kuamua kutokwenda, na hakuna aliyewaambia. Watu wanakaa wanasubiri!

Mkuu wetu wa shule ya misheni alikuwa na sheria ya siku tatu. Mwaliko ujibiwe ndani ya siku tatu, na kukataa kujibiwe upesi zaidi ya kukubali, kwa sababu anayekubaliwa atafurahi hata akichelewa kujua, bali anayekataliwa ana sufuria jikoni. Alituandikisha barua za kukataa mialiko ya uongo, darasa zima, Jumamosi nzima. Ya kwangu aliibandika ukutani. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, sikuwa nimealikwa popote maishani mwangu.

Nimekaa mezani tangu asubuhi. Barua kwa lugha yao, kwa mkono. Mswada wa kwanza ulikuwa mkavu. Wa pili ulinyenyekea mno. Wa tano unatosha: shukrani, majuto, salamu kwa walimu, na kumtakia heri mwanafunzi atakayeketi mahali pa mwanangu. Miaka thelathini na minne nilisoma prufu, kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, katika kiwanda cha uchapaji cha misheni. Nimeipitia barua hii mara tatu, mara ya mwisho kutoka chini kwenda juu, kama tulivyofundishwa. Haina kosa hata moja.

Jumatatu, 10 Juni

Imekwenda.

Mama Steshenari alikuwa na foleni, nami nilimwomba radhi kwa kumletea kazi ya mikono mingi. Akaingiza neno la siri, akafungua ukurasa wa Chuo cha Baridi. Akasema barua haiwezi kuingia hivi hivi. Lazima kwanza kichaguliwe kitufe. Kuna cha kijani na chekundu. Nikauliza kama ndiyo njia ya adabu. "Ndiyo njia yenyewe, mzee wangu. Hakuna nyingine. Lakini ukibonyeza chekundu ndiyo basi, sasa hebu niambie kabisa, nibonyeze?" Nikasema bonyeza, binti yangu. Akabonyeza.

Mashine ikauliza sababu. Zilikuwa nne, zimeorodheshwa: gharama, afya, nafasi katika chuo kingine, sababu za kifamilia. Mama Steshenari akanisomea zote, akageuka kunitazama. Watu nyuma yangu walikuwa wakisubiri kurudufu vitambulisho. Nikasema: za kifamilia.

Kisha barua ikapigwa picha na kuambatishwa. Mama Steshenari akatikisa kichwa akicheka: "Watu siku hizi hawajibu hata mwaliko wa harusi ya ndugu, wewe unajibu mashine!" Nikamshukuru. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, kama mtu aliyerudisha alichoazima.

Ijumaa, 14 Juni

Simu haikuja wiki nzima. Nimefagia chumba cha Kitinda, nimefua mapazia yake. Mvua kidogo.

Jumapili, 16 Juni

Amerudi. Amekonda, ana unga wa plasta chini ya kucha, amelala saa tano mfululizo. Nilitembea nyumbani mwangu kwa ncha za vidole.

Alipoamka alikula kwa haraka akisimulia mdomo ukiwa umejaa, kama alipokuwa mdogo, nami sikumkemea. Alisimulia habari za mtoto wa kike wa miaka saba. Mguu wake bandia ulitengenezwa miaka miwili iliyopita, na mtoto akakua, mguu haukukua. Mama yake amekuwa akimfungia kipande cha ubao chini ya kisigino, kisha cha pili juu ya cha kwanza. Uti wa mgongo umeanza kupinda. "Nikampima, Baba. Nikamtengenezea mwingine. Akaniuliza huu utakaa mpaka lini? Nikamwambia mwaka, labda. Akahesabu vidole, akaniambia basi mpaka niwe mama nitakuwa na miguu kumi na kitu, tutaiweka wapi?"

Akacheka, halafu hakucheka.

Kisha akaweka kijiko chini. Huko alikutana na daktari mgeni, mpasuaji wa mifupa, akamwonyesha mtoto yule. Daktari akamwambia kuna mahali wanatengeneza miguu ya watoto inayorefushwa kadiri mtoto anavyokua, na kwamba wako wachache tu duniani. Ni Chuo cha Baridi. Kile cha Jirani ni kizuri, lakini hufundisha miguu ya watu wazima, na hiyo yeye anaijua tayari. "Kwa hiyo nimebadili, Baba. Naenda cha Baridi. Najua ni mbali. Usinikasirikie."

Nikasema: vyema, mwanangu. Nikainuka, nikaenda jikoni, nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Jumatatu, 17 Juni

Sikumwambia jana. Sikumwambia asubuhi. Alipokuwa akifunga viatu nilifungua kinywa, nikamuuliza kama anataka mwavuli.

Alipotoka nilikwenda moja kwa moja steshenari, hata shati sikuchomekea. Nikamwomba Mama Steshenari, kwa radhi nyingi, aifute ile kazi ya Jumatatu iliyopita. "Mzee wangu, si nilikuuliza?" Ni kweli, aliuliza. Hata hivyo alifunga mlango wa duka robo saa nzima kwa ajili yangu na akajaribu kila pahala. Kitufe cha kijani hakipo tena. Hata chekundu hakipo. Ukurasa ni mweupe na sentensi moja: nafasi imerejeshwa, tunakutakia mema.

Kulikuwa pia na barua yao, ya tarehe 10, dakika moja baada ya yangu. Dakika moja! Ni dhahiri kwamba hakuna aliyeisoma. Chini yake imeandikwa: usijibu barua hii. Sijapata kuona maneno ya namna hiyo chini ya barua. Kwetu, barua ilikuwa mlango; hii imekuja na komeo lake.

Fundi Cherehani alinikuta nimekaa barazani. Nilimweleza yote. Nilitegemea utani, hakutania, na hilo lilinitisha. Akasema tu: "Mwambie leo. Jipu halipoi kwa kufunikwa shati."

Sikumwambia leo. Alikuja amechoka.

Jumanne, 18 Juni

Nimesema.

Alirudi saa kumi na moja, akaketi mezani na simu yake, akaniomba ile kadi ya neno la siri. "Nataka nitie sahihi leo leo, Baba, nisije nikabadili tena." Nikamwambia: keti, mama. Akasema: "Nimekaa, Baba." Na kweli alikuwa amekaa.

Nikaeleza nikiwa nimesimama, mikono nyuma, kama tulivyosimamishwa mbele ya Mkuu wa shule. Nilianza na sheria ya siku tatu. Sasa naona nilipaswa kuanza na kitufe. Alinisikiliza akiwa na tabasamu la mtu anayengoja mwisho wa kichekesho. Lilikaa usoni mwake muda mrefu baada ya kuwa halina kazi tena.

"Umekataa. Kwa jina langu."

Kwa barua, nikasema. Ya shukrani.

"Kwa barua."

Akafungua ukurasa. Akasoma akitelezesha kidole. Barua yangu aliisoma yote, polepole, na mahali fulani akasema kwa sauti ndogo kwamba ni nzuri, nami moyo wangu mpumbavu ukafurahi. Kisha kidole kikasimama.

"Baba. Hapa wameuliza sababu. Kulikuwa na 'nafasi katika chuo kingine'. Ndiyo iliyokuwa sababu, si ndiyo? Ndiyo niliyokuambia kwenye simu."

Ndiyo, mama.

"Umechagua 'sababu za kifamilia'."

Nikasogeza kadi ya neno la siri pembeni.

"Familia gani, Baba? Humu tuko wawili."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza! Mama yake angepasua sahani mbili, tungezifagia pamoja, yakaisha. Kitinda aliinuka, akaoga, akarudi, akapakua chakula. Akanipakulia mimi kwanza, kama kawaida. Nikamwomba radhi. Akasema: "Nimesikia, Baba." Nikaomba tena. Akasema: "Usiniombe tena leo. Ukiniomba inabidi nikujibu."

Jumatano, 19 Juni

Kaka yake amepigiwa simu. Yeye hufundisha udereva mji mwingine, na huzungumza na kila mtu kana kwamba ameshika usukani wa mwanafunzi. Nilimsikia kabla simu haijafika sikioni. "Baba! Mtu akikualika, hutaki, unanyamaza! Dunia nzima inanyamaza!" Nikajaribu kumweleza. "Kitufe chekundu, Baba? Chekundu? Mimi kila siku nawaambia watu, usichokijua usikikanyage!" Nilimshukuru kwa ushauri. Kisha akauliza kama nimekula.

Ushauri wake kwa dada yake: atie sahihi cha Jirani, halafu cha Baridi kikikubali, awaache wa Jirani kwenye mataa. Kitinda akamkumbusha sharti la mfadhili. Sahihi moja, jina moja. Kaka mtu akasema mfadhili huyo ana roho ya trafiki.

Mchana Kitinda alipiga simu ng'ambo kutoka ofisi ya karakana. Amenieleza kwa ufupi, kama mtu anayesoma taarifa kwa mgeni. Mwanamke aliyepokea alikuwa mpole. Kiti kimerudi kwenye kapu. Wapo watu kwenye orodha ya kungoja. Kuna kamati. Kamati inakaa Jumatatu, tarehe 24. Inaweza kumrudisha, inaweza kukataa. Mwanamke yule hakuahidi chochote. Wanataka maelezo ya maandishi kabla ya kesho jioni, kutoka kwa aliyekataa.

"Ni wewe, Baba," akasema. "Mimi sikukataa."

Jumatatu ni tarehe 24. Cha Jirani kinafunga Ijumaa, tarehe 21. Nimeziandika tarehe hizi mbili kwenye karatasi nikazitazama, kana kwamba kwa kutazamwa zinaweza kubadilishana nafasi.

Alhamisi, 20 Juni

Niliandika maelezo asubuhi. Yalikuwa mafupi na nadhifu: kwamba mimi ni mzee, sijui mashine, kitufe kilibonyezwa kwa bahati mbaya, binti yangu hana kosa. Nikampa asome kabla hajakwenda kazini. Alisoma akiwa amesimama mlangoni.

"Haina kosa la maandishi," akasema. "Lakini siyo kweli yote."

Nikasema kwamba kamati haihitaji yote.

"Mimi ndiye ninayeyahitaji, Baba."

Akaondoka. Mlango aliufunga taratibu.

Nilikaa na karatasi nyeupe kuanzia saa mbili hadi saa saba. Nimeandika maisha yangu yote, nimesahihisha vitabu vya watu wenye elimu kuliko mimi, wala sijapata kukutana na ukurasa mgumu kama ule. Lugha yao ina neno la kila kitu, lakini nililazimika kwanza kulisema kwa lugha yangu, kwa sauti, jikoni, hapo ndipo nikalisikia. Nikaandika kwamba binti yangu aliponiambia atasoma karibu nilifurahi kupita kiasi. Kwamba nilikuwa na haraka ya kujibu, na haraka ile niliivalisha adabu. Kwamba mashine iliponiuliza sababu niliijibu kweli, bila kujua kwamba nasema kweli. Kwamba naogopa kuachwa, na kwamba hofu yangu si sababu ya kifamilia. Ni yangu mwenyewe. Nikaweka sahihi. Sikuipitia mara tatu. Nadhani kuna mahali nimerudia neno.

Mama Steshenari aliituma. Aliisoma ikiwa kwenye skrini, maana huwezi kutuma bila kuona, na hakusema lolote la kuchekesha. Alikataa kushukuriwa.

Jioni Kitinda alikuta nakala mezani. Aliisoma akiwa amekaa. Nilijifanya natafuta miwani, na miwani ilikuwa usoni. Alipomaliza aliikunja mara mbili akaitia mfukoni mwa sare ya kazi. Akauliza kama maharage yamechambuliwa mawe.

Aliwaomba Chuo cha Jirani wamwongezee siku tatu. Wamejibu kwa heshima kubwa: hapana. Tisa wanangoja kiti kile kile. Wanasikitika, wanashukuru, wanamtakia heri. Ni barua ya adabu kuliko zote nilizoziona mwaka huu. Ningeweza kuiandika mimi.

Ijumaa, 21 Juni

Saa tano kasorobo. Ninaandika kwenye benchi mbele ya steshenari, daftari gotini. Naomba radhi kwa mwandiko.

Hakwenda kazini leo. Tangu asubuhi amekaa mezani, simu mbele yake, kijitabu cha Jirani upande mmoja. Cha Baridi hakina kijitabu tena. Amekitupa au amekificha, sikuuliza. Akitia sahihi kabla ya saa sita, ana chuo, ana kiti, ana basi la siku moja na miguu ya watu wazima. Asipotia sahihi, hana kitu mkononi ila Jumatatu ya watu wasiomjua na karatasi yangu yenye neno lililorudiwa. Wakikataa, amekosa vyote viwili, na mfadhili hapokei maombi mapya hadi mwakani.

Nilimpelekea chai. Ikapoa. Nikampelekea nyingine. Nilisimama karibu na dirisha, nikakaa, nikasimama. Nilijitahidi uso wangu usiseme lolote. Lakini uso wa mzazi ni kama bango. Hata ukiukunja, mtoto alikwisha kuusoma zamani.

Saa nne na nusu aliinua kichwa. "Baba, naomba utoke."

Nikadhani anataka niende sebuleni.

"Utoke nje kabisa. Kanunue mkate, au kamtembelee Fundi. Ukiwa humu nasikia unavyopumua, nami nahesabu. Usirudi kabla ya saa sita."

Alisema kwa upole. Ndivyo mama yake na mimi tulivyokuwa tukiwaambia wao walipokuwa wadogo na kuna mazungumzo ya watu wazima: nendeni nje mkacheze. Nikachukua kofia. Mlangoni niligeuka, nilitaka kumwambia aende mbali, aende kabisa, asinitazame. Nilikuwa na maneno tayari, safari hii yalikuwa ya kweli. Lakini kama ningeyasema, ningekuwa nimebonyeza tena. Nikamwuliza mkate wa namna gani.

"Wowote, Baba."

Saa tano na robo. Fundi Cherehani amepita, akaniona, akaketi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue amekaa dakika tano bila neno. Kisha: "Wamekufukuza nyumbani kwako?" Nikasema wamenituma mkate. Akautazama mkate, akanitazama. "Basi umeshanunua." Ndiyo. "Na bado umekaa." Ndiyo. Akanigusa bega akaenda zake.

Saa tano na nusu. Mama Steshenari anarudufu kitu, mashine inaguna. Amenitolea kiti chenye mto, nikamwambia benchi linanitosha. Kutoka hapa naona kona ya paa letu na dirisha la jikoni. Pazia halitikisiki. Nilifua mapazia ya chumbani kwake, hilo la jikoni nililisahau.

Saa tano na dakika arobaini. Nimejaribu kuomba dua, nikagundua sijui niombe nini. Atie sahihi, nipate kumwona kila likizo na kila likizo nione mtoto mwenye vipande vya ubao kisiginoni? Asitie, nimwone hapa hapa, kila siku, bila chuo, akinipakulia chakula kwanza? Nimeomba tu kwamba nisiulizwe.

Saa sita kasoro dakika nane. Simu yangu inaita. Jina ni lake. Mama Steshenari amechungulia mlangoni: "Mzee, si uipokee?"

Ameniambia nisirudi kabla ya saa sita. Hakuniambia kama nipokee –